Alhamisi tatu katika fakulte ya saikolojia



Tangazo lenyewe lilikuwa karatasi moja, limebandikwa kwenye mlango wa kantini ya chuo kikuu. Mwenzetu anayeuza mandazi pale alilipiga picha kwa simu na kutuletea kwenye mkutano wa Jumapili. Liliandikwa kwa Kifaransa: fakulte ya saikolojia na elimu itakuwa na konferansi tatu, kila Alhamisi saa nane za mchana, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, wote wanakaribishwa.

Tulibishana karibu nusu saa juu ya lile neno «wote». Wengine walisema maana yake ni wanafunzi wote. Wengine wakasema wote ni wote, na mlinzi akitufukuza tutarudi nyumbani, hakuna aliyekufa kwa kurudishwa mlangoni. Siku ilipofika tulikwenda wamama saba. Mlinzi hakutufukuza. Alituuliza tu ni mtoto wetu gani anayetetea kazi yake ya mwisho leo, maana tulivaa vitenge vya muungano, na wamama wakifika pale na vitenge vya namna moja huwa wamekuja kumpigia mtoto vigelegele. Tukamwambia hatuna mtoto anayetetea, tumekuja kusikiliza. Alitutazama kidogo, kiisha akatuonyesha mlango.

Watu wengi kwetu wakisikia saikolojia wanafikiri ni habari ya wenda wazimu. Walimu kati yetu tuliopita ISP tuliisoma kidogo: namna mtoto anavyokua, namna anavyojifunza, kwa nini anasahau. Tuliisoma kwa daftari, tukafanya mtihani, tukaanza kazi. Hatukuwahi kukaa mahali ambapo watu wanaifanya, wanaonyesha walichokipata, na wengine wanawabana kwa maswali. Konferansi ni hivyo tu. Mtu mmoja anasimama, anazungumza dakika arubaini, anaonyesha hesabu zake ukutani, na baadaye yeyote anaweza kuinua mkono. Siku ya kwanza umeme ulikatika kabla ya dakika kumi, kwa hiyo ukuta haukuonyesha kitu. Asistanti aliyekuwa akizungumza akachukua chaki.

Alianza na jambo tunalolijua sisi wote na ambalo hatupendi kulitaja: wamama waliobakwa wakati wa vita. Alisema mapema kwamba hatasimulia kisa cha mtu yeyote, na tulimshukuru moyoni. Alizungumza juu ya utafiti uliofanyika hapa kwetu Kivu na kuchapishwa mwaka 2013 katika gazeti kubwa la waganga la Marekani, New England Journal of Medicine. Aliyeuongoza ni Judith Bass wa chuo kikuu cha Johns Hopkins. Lakini waliokaa na wagonjwa juma kwa juma walikuwa wamama Wakongo, wasaidizi waliosoma angalau miaka 4 baada ya shule ya msingi, wakafundishwa kazi hii na kusimamiwa. Hapo tulitazamana. Miaka 4 baada ya shule ya msingi, wengi wetu tunayo.

Walitaka kujua kitu kimoja. Mama aliyebakwa, ambaye halali, anashtuka, amekata tamaa ya maisha, anapata nafuu zaidi akiwa na msaidizi wake wa kumsikiliza peke yake, au akiingia katika kikundi kinachofuata mafundisho maalumu? Vijiji vilipigiwa kura, kama sisi tunavyopiga kura ya nani ale likelemba kwanza, ili mtu asichague kijiji anachokipenda. Katika vijiji 7, wamama 157 waliingia vikundi: kikao kimoja cha mtu na msaidizi wake, kiisha vikao 11 vya pamoja. Katika vijiji 8, wamama 248 walipata msaada wa mtu kwa mtu.

Ndani ya kikundi mama anafundishwa kukamata lile wazo linalomrudia kila siku, kwa mfano «ni kosa langu, nisingepita njia ile», na kuliuliza maswali kama hakimu anavyomuuliza shahidi. Nani alisema ni kosa lako? Unajuaje? Mwenzako angepatwa na jambo hilo, ungemwambia ni kosa lake? Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi yalirahisishwa ili yashikwe kwa kichwa, bila daftari. Na maswali ya kupima hali yao yaliulizwa kwa lugha tano, Kibembe, Kifuliro, Kihavu, Mashi na Kiswahili. Hapo mama mmoja nyuma yetu, mfagiaji wa chuo aliyekuwa amesimama na ufagio wake mlangoni, alisema kwa sauti: «Mashi kabisa?» Watu wakacheka, asistanti naye akacheka, akasema ndiyo mama, Mashi kabisa.

Kuhusu lugha, tulikuwa na shida yetu. Asistanti alizungumza Kifaransa, na kati yetu saba ni wawili tu waliokifuata sawasawa. Tulikuwa tukinong'ona kuwatafsiria wenzetu, na kijana wa mbele akageuka mara mbili kutunyamazisha. Mara ya tatu profesa aliyeongoza kikao alisimama. Tulifikiri sasa tunatolewa. Akasema: «Mama mwalimu, badala ya kunong'ona, simama utafsiri kwa sauti, kila sehemu dakika tano.» Mwenzetu alisimama, magoti yakitetemeka, na kuanzia hapo konferansi ikaenda kwa lugha mbili. Tuligundua pia kwamba wanafunzi wengi walikuwa wakiandika wakati wa Kiswahili kuliko wakati wa Kifaransa. Hatusemi zaidi.

Asistanti akaandika ubaoni hesabu mbili: 9 na 42. Miezi 6 baada ya vikao kwisha, kati ya kila wamama 100 wa vikundi, 9 ndio waliokuwa bado wanaonyesha dalili za huzuni kali au wasiwasi mkubwa. Upande wa msaada wa mtu kwa mtu walikuwa 42. Pande zote mbili walipata nafuu, lakini vikundi vilishinda mbali. Chumba kilinyamaza. Kwa sisi tuliozoea kuambiwa kwamba mambo hayo dawa yake ni maombi na kunyamaza tu, na sisi wenyewe tunaomba sana, hesabu ile ilikuwa kama mtu amefungua dirisha.

Kiisha maswali. Wa kwanza kuinua mkono kati yetu alikuwa mwenzetu muuza samaki wa soko la Kadutu, ambaye hesabu ya kichwa hakuna anayemshinda. Asistanti alikuwa ametaja kwa haraka, kama mtu anayepita karibu na mbwa, kwamba katika vikundi waliopimwa mara zote tatu walikuwa 65 kwa 100, na upande wa pili 52. Mama akauliza: «Papa asistanti, wale 35 wengine walienda wapi? Kama waliopona ndio walirudia kujibu, na wenye hali mubaya walibaki nyumbani, hesabu yako imenenepa.»

Profesa alipiga meza kwa mkono. Aliwaambia wanafunzi kwamba hilo ndilo swali analotaka kulisikia kwao kila mwaka na halisikii. Asistanti alikubali: watafiti wenyewe wameziandika hesabu hizo wazi katika ripoti yao, hawakuzificha, na kila msomaji anapaswa kuzitazama kabla ya kushangilia. Wengine walihama, wengine hawakupatikana siku ya kupimwa. Vita haingoji utafiti uishe. Tofauti kati ya 9 na 42 bado ni kubwa, alisema, lakini mama ana haki ya kuuliza.

Hapo akasimama mwenzetu mwingine. Tumemwomba ruhusa ya kuandika aliyoyasema, ametupa, ila jina lake linabaki kwetu. Alisema:

«Zamani kidogo watu walikuja kwetu kijijini na makaratasi. Waliniita chini ya hema, wakaniuliza toka asubuhi mpaka jua kichwani. Kama nalala. Kama nakula. Kama nawaza kufa. Nikajibu yote, hata ile sijamwambiaka mama yangu. Wakanipa sabuni mbili. Sijawaona tena. Leo nauliza ninyi wenye kusoma: nilikuwa mugonjwa ao hapana?»

Hakuna aliyetafsiri kwa Kifaransa. Hakukuwa na haja.

Profesa alikaa kimya muda mrefu kuliko maprofesa wanavyozoea. Kiisha akajibu kwa Kiswahili, polepole. Alisema: «Mama, jibu lako sina, maana si mimi niliyeshika karatasi zako. Lakini aliyekuuliza ana deni kwako.» Aliwageukia wanafunzi na kuwaeleza kile ambacho, alisema, wanakiandika kila mwaka kwenye mtihani na kukisahau wakifika kijijini. Mtafiti lazima aombe ruhusa kabla ya kuuliza. Lazima aseme yeye ni nani, ametumwa na nani, na maneno ya mtu yatapelekwa wapi. Mtu anaweza kukataa, au kuacha katikati, na hakuna mtu wa kumkasirikia wala kumnyima msaada. Akiona mtu anaumia wakati wa kuuliza, aweke karatasi chini na amwonyeshe pa kwenda. Na mwisho arudi kusema alichokipata. Akakiri kwamba jambo hili la mwisho ndilo linalokufa kwanza. Safari ya kurudi inaandikwa chini kabisa kwenye bajeti, na pesa zikipungua ndiyo inayofutwa.

Alimwomba mwenzetu asiondoke upesi. Mwalimu mmoja wa fakulte, mwanamke, ambaye kazi yake ni kupokea wagonjwa, alikaa naye chini ya mti karibu saa moja. Sisi tulingoja barabarani. Hakutuambia walichozungumza na hatukumuuliza. Alituambia tu atarudi kwake Jumatatu.

Tuliporudi tulimkumbuka mtu tuliyemsoma ISP, André Ombredane, profesa wa Bruxelles. Mwaka 1954 alichapisha kitabu juu ya kipimo cha picha kilichotengenezwa kwa ajili ya Wakongo: unamwonyesha mtu picha, yeye anasimulia anachokiona, nawe unaandika. Miaka hiyo hiyo Union Minière ilikuwa na wanasaikolojia wake kule Katanga, wakiwapima wafanyakazi na vijana. Wazee wetu walitazama picha, wakasimulia, na kitabu kikatoka Bruxelles kwa Kifaransa. Baadaye kazi hiyo ilishikwa na Wakongo wenyewe. Mwaka 1971, serikali ilipounganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja cha taifa, saikolojia iliwekwa Kisangani, na ndiyo sababu maprofesa wengi wazee wa somo hili utasikia wametoka kule. Kwa hiyo leo anayeuliza ni mtoto wetu, anajua Mashi au Kiswahili, analala kilomita mbili na kijiji. Safari yake ya kurudi ni ya pikipiki tu.

Alhamisi ya pili tulikuwa wamama kumi na tisa. Wengine walikuja kwa sababu walisikia kuna habari ya muhogo, wakashangaa muhogo umefika vipi kwenye saikolojia.

Umefika hivi. Kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Jina hilo ni la Kiyaka, na muganga Mwitaliano, Trolli, aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, mbali na sisi, upande wa magharibi wa inchi. Mtu anaamka asubuhi, mara nyingi mtoto au mama wa umri wa kuzaa, na miguu imekazana, haitembei tena sawasawa mpaka kufa. Unatokea mahali watu wanapokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, siku baada ya siku, bila nyama, samaki wala maharagwe ya kusaidia mwili. Muhogo ule una sumu. Wakati wa vita au ukame watu wanakimbizana na njaa, muhogo unalowekwa siku moja badala ya tatu au nne, na sumu inabaki. Tusijidanganye kwamba ni mambo ya Kwango: waganga wameuandika hata hapa Kivu ya Kusini, kule Burhinyi.

Sasa saikolojia. Mwaka 2013 kundi la Michael Boivin wa Marekani na Désiré Tshala-Katumbay, muganga Mkongo, walichapisha walichokipata Kahemba, huko Kwango. Waliwapima watoto kumbukumbu, kupanga vitu, kutatua mafumbo ya picha. Walilinganisha watoto wenye konzo, watoto wa mahali hapo hapo wanaotembea vizuri, na watoto wa mahali pasipo konzo. Kilichotushika ni kundi la katikati. Watoto ambao miguu yao ni mizima, wanaokimbia na mpira, nao walionekana wamepungukiwa kichwani kuliko wale wa kijiji kisicho na konzo. Sumu ilikuwa imepita kimya.

Kwa walimu kati yetu habari hiyo ilikuwa nzito. Ni watoto wangapi tumewaandikia kwenye kitambulisho cha masomo «mvivu», «hasikilizi»? Hatusemi wote walikula muhogo mbaya. Lakini hatukuwahi hata kuuliza wamekula nini.

Dawa iko jikoni, na tunaiandika hapa kwa sababu wenzetu wengi hawakuwepo. Muhogo mchungu ulowekwe majini siku zake zote, tatu au zaidi, mpaka ulainike. Tena kuna njia ya kuongezea, iliyotengenezwa na Howard Bradbury wa Australia na kutumiwa na wamama wa vijiji vya Kwango. Chukua unga wa muhogo uliokwisha kusagwa, utie maji mpaka ulowane wote, uutandaze kwenye mkeka, mwembamba, usizidi unene wa kidole. Uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inapaa na hewa. Siku hiyo hiyo upike fufu yako kama kawaida, usiulaze. Mmoja wetu aliuliza kama ladha inabadilika. Mzungumzaji akasema wamama wa kule waliipenda fufu ile kuliko ya zamani. Sisi tumejaribu mara moja tu kwa mweka hazina wetu, na watoto walimaliza sahani, jambo ambalo kwa watoto wale si ushahidi wa kitu.

Alhamisi ya tatu haikuwa konferansi. Msichana mmoja alikuwa akitetea kazi yake ya mwisho, na safari hii mlinzi alituona tu akasema «piteni, mama». Kama hamjawahi kuona, ni hivi: mwanafunzi anasimama peke yake, waamuzi watatu wamekaa mbele yake na kitabu chake kimejaa alama za kalamu nyekundu, na jamaa yake yote nyuma, imeshika maua ya plastiki. Anaeleza dakika ishirini. Kiisha wanamchoma.

Kazi yake ilihusu watoto wa mwaka wa kwanza wanaonyamaza darasani, wale wanaotoka nyumbani na Mashi au Kiswahili na kukutana na Kifaransa siku ya kwanza. Alikuwa ametafuta wazazi wa mtaa wetu, na wawili kati yetu waliwahi kujibu maswali yake. Waamuzi walimgombeza kwa makosa ya kuandika, mengine ya haki, mengine tuliona ni kutafuta tu. Walipomaliza, profesa wetu wa Alhamisi ya kwanza aliuliza kama kuna neno kutoka kwa watu waliokaa nyuma. Kwa desturi neno hilo ni la baba mzazi kushukuru. Akasimama mmoja wa wale wawili waliojibu.

Alisema: «Binti yangu, umeandika watoto wananyamaza sababu ya lugha. Ni kweli. Lakini wa kwangu ananyamaza sababu saa nne hajakula. Uliniuliza tunasema lugha gani nyumbani, hukuniuliza tunakula saa ngapi.»

Msichana aliinamisha kichwa, akafikiri, akajibu kwa Kiswahili kwamba mama amesema kweli, na kwamba angeanza tena angeuliza. Waamuzi walitoka kushauriana. Waliporudi walimpa alama nzuri, vigelegele vikapigwa, na sisi tukapiga vyetu ingawa hakuwa mtoto wetu. Tulikula mandazi ya mwenzetu, ambayo siku hiyo familia ilikuwa imeyanunua yote.

Jumapili iliyofuata msichana alikuja kwenye mkutano wetu bila kuitwa. Alishika karatasi mbili alizoandika kwa mkono, kwa Kiswahili, zenye yale aliyoyapata kwa watoto wa mtaa wetu. Alizisoma, tukauliza, alikosea mahali pawili tukamsahihisha, akaandika. Nakala moja iko kwa katibu, kila mzazi anaweza kuisoma.

Tumemwandikia mkuu wa fakulte kuomba mambo mawili: nusu saa ya Kiswahili kwenye kila konferansi, na kwamba mwanafunzi yeyote atakayekuja kuuliza maswali kwa wamama wa muungano aandike kwanza kwa katibu siku atakayorudi na majibu. La kwanza amekubali kwa mdomo. La pili amesema atalipeleka kwenye baraza lao, na bado tunangoja.

Konferansi ijayo ni Alhamisi ya juma lijalo, juu ya usingizi wa watoto. Tunaondoka pamoja saa saba na nusu mbele ya parokia. Mwenye mtoto mchanga aje naye, chumba kina nafasi nyuma, karibu na mlango. Na atakayepata wa kukaa na samaki wake siku hiyo, amwambie pia mama wa Kadutu, maana profesa ameshauliza mara mbili kama atakuja.